Dionysius wa Halicarnassus na madai yake kwamba Warumi ni Wagiriki: aliamini, au alijipendekeza?

#1 MchunguliaKale

Wakuu, salaam.

Wiki ya tatu sasa nalala na kitabu kimoja na kinaninyima usingizi. Mwandishi ni Dionysius wa Halicarnassus, Mgiriki, na habari yake ni Roma ya zamani kabisa, tangu kabla mji haujajengwa. Halicarnassus ndiyo Bodrum ya leo kule Uturuki, mji uleule aliozaliwa mwanahistoria Herodotus miaka zaidi ya 400 kabla yake.

Mwanzoni anajieleza. Alivuka kwenda Italia Augustus alipomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, kama mwaka 30 KK, akakaa Roma miaka 22. Akajifunza Kilatini, akasoma waandishi wao wa zamani, mengine akayapata kwa mdomo kutoka kwa wasomi wa mjini. Utangulizi ameuwekea tarehe: mwaka 7 KK. Vitabu vilikuwa 20, vinaishia 264 KK, Roma na Carthage zinapoanza kupigana. Kumi vya kwanza tunavyo vizima, cha 11 kwa sehemu kubwa, vilivyobaki ni vipande.

Sasa kinachonisumbua. Kitabu cha kwanza karibu chote kinatetea jambo moja: Warumi ni Wagiriki kwa asili. Anahesabu mikupuo mitano ya wahamiaji. Kwanza Waarkadia (watu wa Arkadia, Ugiriki) wa Oenotrus, vizazi 17 kabla ya vita vya Troy. Wakaja Wapelasgi kutoka Thessaly. Akaja Evander na Waarkadia wengine. Halafu Hercules na watu wake. Mwisho Aeneas na wakimbizi wa Troy, na hata hao wa Troy anawatafutia ukoo hadi wanakuwa Wagiriki!

Mtu amesoma miaka 22, ametaja waandishi kibao, amepima huyu na yule, halafu anafikia hitimisho ambalo leo hakuna mwanahistoria anayelikubali. Swali langu: aliamini kweli, au alikuwa anatafuta ulaji kwa wakubwa wa Roma?

#2 Kibubu

Nimeweka kambi. Nondo zishuke.

#3 Nyuki_Mkali

Mkuu, jibu ni jepesi. Alikuwa chawa. Mgiriki amehamia mji mkuu wa dola, anafundisha ufasaha wa kusema, wanafunzi wake ni watoto wa vigogo. Enzi hizo Kigiriki ndiyo lugha ya wasomi, kila Mrumi mwenye hela anataka aonekane amestaarabika. Ukimwambia "wewe asili yako ni Arkadia" umemfurahisha na ada inalipwa. Sioni haja ya kuzunguka.

#4 DadaWaMaktaba

Nyuki_Mkali, naomba kutofautiana. Rudi kwenye utangulizi, hasa sura za nne na tano. Anaowasemesha pale si Warumi, ni Wagiriki wenzake. Anasema Wagiriki wengi hawaijui historia ya kale ya Roma na wamejazwa maneno ya uongo: kwamba waanzilishi wa mji ule walikuwa wazururaji wasio na makao, washenzi, hata watu huru hawakuwa, na kwamba wameitawala dunia kwa bahati tu, si kwa ucha Mungu wala haki. Anawalaumu hata waandishi waliowaandikia wafalme walioichukia Roma yale ambayo wafalme hao walitaka kuyasikia.

Halafu anasema waziwazi anachotaka: Wagiriki wakishajua ukweli, wasione uchungu kuwa chini ya Roma, maana ni sheria ya maumbile kwamba aliye bora humtawala aliye duni.

Hiyo ni dawa kwa watu walioshindwa. Nchi yenu imechukuliwa, basi angalau aliyeichukua ni ndugu yenu.

#5 Nyuki_Mkali

Dada, umenipa silaha mwenyewe. Anayewaambia walioshindwa "msilalamike, mtawala wenu ni bora kuliko nyinyi" anamfanyia kazi nani? Mtawala. Uchawa wa aina hii ni mbaya zaidi kwa sababu umevaa joho la utafiti.

#6 Mtafiti255

Kabla hatujamhukumu nia, tuangalie kazi. Kuna jambo moja nampenda nalo: hafichi kwamba waandishi hawakubaliani.

Chukua mwaka wa kujengwa Roma. Wengi tumekariri 753 KK, hesabu ya Varro, msomi wa Kirumi. Dionysius anawapanga wenzake mbele yako. Timaeus wa Sicily anasema Roma na Carthage zilijengwa wakati mmoja, miaka 38 kabla ya Olimpiadi ya kwanza (Olimpiadi ni kipindi cha miaka minne, hesabu inaanzia 776 KK), sawa na 814 au 813. Fabius Pictor, Mrumi wa kwanza kuandika historia yao, na aliiandika kwa Kigiriki, anasema mwaka wa kwanza wa Olimpiadi ya nane, yaani 748 au 747. Cincius Alimentus anashuka hadi 729 au 728. Baada ya hapo anaonyesha hesabu yake mwenyewe, akiegemea kwa Cato, na anaangukia mwaka wa kwanza wa Olimpiadi ya saba: 752 au 751. Kutoka wa juu hadi wa chini pana zaidi ya miaka 80, na yote ameiweka mezani.

Ila hapohapo kuna kovu. Wafalme wa Roma ni saba, na anawapa jumla ya miaka 244. Gawanya. Wastani ni karibu miaka 35 kila mmoja, na kadhaa kati yao waliuawa! Tafuteni ufalme wowote wenye kumbukumbu nzuri mnionyeshe wafalme saba mfululizo waliokaa hivyo.

#7 MwalimuZamu

Mtafiti255, hapo umenigusa. Hilo limetutokea nyumbani kabisa.

Baba yangu mdogo aliwahi kuandika ukoo wetu kwenye kaunta buku, tangu babu aliyehamia bondeni hadi sisi. Majina yalikuwa saba. Nilipokaa naye kuhesabu miaka, kila mzee alilazimika kupata mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka 45 na kuendelea. Haiwezekani, kwetu watu walioa mapema. Tukamfuata shangazi yake, wakati huo bado yu hai, kipofu lakini kichwa kizima. Akacheka, akasema, "Mmewaunganisha watu wawili." Kwetu mjukuu hupewa jina la babu. Kulikuwa na wawili wenye jina moja, katikati yao yupo mmoja asiye na sifa yoyote, na simulizi ilikuwa imemmeza.

Dionysius aligundua jambo kama hilo kwa hesabu tu! Roma ina Tarquinius wawili, wa tano na wa saba, katikati yupo Servius Tullius. Waandishi karibu wote walisema wa mwisho alikuwa mwana wa yule wa kwanza. Dionysius akapiga hesabu. Servius alitawala miaka 44. Kama watoto wa Tarquinius walikuwa wachanga baba yao alipouawa, basi mama yao Tanaquil alizaa akiwa bibi kizee wa miaka 70 na zaidi. Kama walikuwa wakubwa, basi Tarquinius wa pili alikuwa na umri kama wa miaka 70 siku alipombeba mfalme Servius mzimamzima na kumtupa chini kwenye ngazi za Seneti, na baada ya hapo akatawala miaka mingine 25 na kwenda vitani. Akahitimisha: huyu ni mjukuu, si mwana. Na anamtaja mwandishi mmoja tu aliyewahi kuliona hilo kabla yake, Piso Frugi. Fabius anamkemea kwa uvivu wa kutopima miaka.

Nilipofika ukurasa ule nilimkumbuka yule bibi.

#8 Kibubu

MwalimuZamu usitufiche, hilo kaunta buku lilisahihishwa au baba mdogo alinuna?

#9 MwalimuZamu

Alinuna miezi miwili. Kisha akaongeza jina kwa kalamu nyekundu.

#10 Wakili_Msomi

Naona mmeshikilia kitabu cha kwanza na cha nne. Mimi kilichonifunga ni cha pili, sura ya 16 na 17, na nadhani jibu la mleta uzi limelala hapo.

Anasema Romulus, mwanzilishi wa Roma, alipoteka mji hakuua wanaume wake wala kuwafanya watumwa wala kuacha ardhi yao iwe malisho. Alipeleka walowezi wake, akachukua baadhi ya watu wa mji ule kuja Roma, wakapewa uraia. Anatoa na hesabu: walianza na askari wa miguu wasiozidi 3,000 na farasi pungufu ya 300, Romulus anatoweka duniani akiacha 46,000 wa miguu na farasi kama 1,000.

Kisha anawageukia Wagiriki wenzake. Sparta, Thebes, Athens, waliojivunia usafi wa damu zao na kubana uraia. Sparta ilipigwa mara moja kule Leuctra ikapoteza uongozi wa Ugiriki. Thebes na Athens zilipigwa mara moja kule Chaeronea, Wamakedonia wakachukua uongozi na uhuru vyote viwili. Roma ilipigwa tena na tena na ikainuka, kwa sababu hazina ya watu haikukauka.

Huyo si chawa, Nyuki_Mkali. Anawaambia jamaa zake wa nyumbani: mliponzwa na choyo cha uraia. Chawa hupaka mafuta, yeye anatonesha kidonda.

#11 PwaniHalisi

Assalaam aleikum jamvini. Nimesoma kimyakimya, lakini mleta uzi aliposema "mikupuo ya wahamiaji" nikashindwa kunyamaza.

Sisi wa pwani tuna ya kwetu. Tarikh ya Kilwa inasema mfalme wa Shiraz na wanawe sita walipanda majahazi saba, kila mmoja akashuka bandari yake. Aliyefika Kilwa akakinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji kwa nguo za kutosha kukizungusha chote. Nilipokuwa mdogo nilisimuliwa hivyo na niliamini kwa moyo wote. Ukoo wetu ni Washirazi, basi.

Halafu 2023 ikatoka ile kazi ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa miji ya pwani kati ya karibu 1250 na 1800. Wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na imepitia zaidi kwa akina mama. Lakini Uajemi nao umo kweli, umepitia kwa wanaume, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Nilikaa kitako siku ile. Simulizi haikuwa uongo na haikuwa kweli. Ilikuwa imemsimulia baba ikamsahau mama.

Sasa mtazameni Aeneas. Anashuka kwenye meli, anamwoa Lavinia binti wa mfalme Latinus mwenyeji, mji anauita Lavinium. Na ile ya Carthage, Dido ananunua ardhi ya ukubwa wa ngozi ya ng'ombe kisha anaikata nyuzi nyembamba. Nguo Kilwa, ngozi Carthage. Nauliza tu, kwa nini kila mji wa bandari unataka mwanzilishi wake awe ametoka baharini?

#12 Mlenge

PwaniHalisi hilo linastahili uzi wake, tusije tukahama mada. Ila umenikumbusha vinasaba, na hapo Dionysius anastahili pongezi ambazo hajapewa hapa.

Waetruski, majirani wa Roma upande wa kaskazini. Herodotus alisema walitoka Lydia, Asia Ndogo, wakiongozwa na Tyrrhenus mwana wa mfalme, kwa sababu ya njaa. Dunia nzima ikaamini. Dionysius akakataa. Hoja zake: Xanthus, mwenyeji wa Lydia aliyeandika historia ya kwao, hamtaji Tyrrhenus wala uhamiaji huo. Lugha yao si ya Lydia, miungu si ya Lydia, sheria si za Lydia. Wenyewe wanajiita Rasenna. Hawakutoka popote, akasema, ni wenyeji.

Mwaka 2021 vikachapishwa vinasaba vya watu 82 wa kale wa Italia ya kati na kusini. Waetruski wakaonekana wanafanana na majirani zao Walatini, hakuna dalili ya wimbi jipya kutoka Asia Ndogo. Amempinga mtu wa mtaani kwake, tena jina kubwa, na amepatia.

#13 Mtafiti255

Taratibu, Mlenge. Vinasaba havisemi lugha. Waetruski walikuwa na lugha ambayo haina undugu na Kilatini wala Kigiriki, na mwaka 1885 kisiwani Lemnos, bahari ya Aegean, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya lugha inayofanana nayo. Ilifikaje huko? Wapo wanaosema Waetruski walikwenda Lemnos, wapo wanaosema kinyume. Kesi haijafungwa.

Na angalia jambo jingine. Dionysius alikuwa na sababu ya kutaka Waetruski wawe wenyeji. Kulikuwa na waandishi walioiita Roma mji wa Kietruski. Yeye anataka Roma iwe ya Kigiriki, kwa hiyo lazima Waetruski wawekwe mbali kabisa na Wagiriki. Kapatia, sawa, lakini huenda alipatia kwa sababu isiyo sahihi.

#14 MtuWaTrastevere

Habari za leo wana jamvi. Mimi naishi Roma mwaka wa 11 huu, nawaosha wazee asubuhi na jioni, mchana nina saa tatu za kwangu. Nataka kuongeza kitu nilichokiona kwa macho.

Dionysius anasema kwenye mteremko wa kilima cha Palatine, upande unaoelekea uwanja wa mbio za magari ya farasi, kulikuwa na kibanda cha Romulus, cha fito na matete, na siku zake bado kimesimama. Wenye kukitunza hawakiongezei urembo wowote. Kikipigwa na dhoruba au uchakavu, wanarudishia kilivyokuwa.

Nilikwenda na mgeni wangu siku ya mvua. Chini ya paa la kisasa kuna mwamba wa rangi ya kahawia, laini, na ndani yake mashimo ya mviringo yamepangwa yakizunguka umbo la yai. Moja katikati. Ni mashimo ya nguzo. Vibanda hivyo vilichimbuliwa mwaka 1948, ni vya karne ya 8 KK hivi, kikubwa kina mita karibu 5 kwa 3 na nusu. Kuna hata mfereji mdogo uliochongwa kuzunguka, maji ya mvua yasiingie ndani. Mgeni wangu akasema, "Hii si nyumba ya bibi yangu kabisa?" Akainama akaweka ngumi yake hewani juu ya shimo kulipima, mlinzi akapiga kelele.

Sisemi Romulus aliishi hapo. Nasema watu waliishi hapo, wakati uleule, kwenye kilima kilekile, kwenye nyumba ya aina ileile. Hilo hakulitunga.

#15 Nyuki_Mkali

Trastevere, asante, nimeipenda hiyo ya ngumi. Lakini angalia ulichokiandika mwenyewe. Wanarudishia kilivyokuwa. Kibanda cha matete kikirudishiwa kila baada ya miaka michache kwa zaidi ya miaka 700, ufito upi uliobaki wa Romulus? Kila fundi aliyeezeka alileta mkono wake. Na kumbukumbu za maandishi ndivyo zilivyo. Livius, aliyekuwa akiandika Roma wakati huohuo, anakiri kwamba nyingi ziliteketea Wagauli walipouchoma mji mwanzoni mwa karne ya 4 KK. Livius anasema hadithi za kabla ya mji yeye hazithibitishi wala hazikanushi. Mgiriki wetu anazijengea vitabu.

#16 DadaWaMaktaba

Nyingi ziliteketea, lakini si zote, na hapa ndipo Dionysius anaponipata mimi.

Kitabu cha nne, sura ya 58. Tarquinius wa mwisho alifanya mapatano na mji wa Gabii. Dionysius anasema kumbukumbu yake ipo Roma, kwenye hekalu la mungu ambaye Warumi wanamwita Sancus. Ni ngao ya mbao, imevikwa ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa siku ya kula kiapo, na juu ya ngozi yameandikwa masharti kwa herufi za kale. Sura ya 26 ya kitabu hichohicho anataja nguzo ya shaba ya Servius kwenye hekalu la Diana, kilima cha Aventine, yenye herufi walizotumia Wagiriki wa zamani.

Herufi hizo ndiyo ushahidi wake. Nao si wa kijinga, kwa sababu alfabeti ya Kilatini kweli imetokana na ya Kigiriki, ikipitia kwa Waetruski. Mwaka 1899 Giacomo Boni alichimba chini ya jiwe jeusi pale Forum akakuta nguzo yenye maandishi ya Kilatini cha zamani sana, herufi zinafanana mno na za Kigiriki, na ndani yake limo neno lenye maana ya "mfalme". Weka mtu wa mwaka 7 KK mbele ya jiwe la namna ile, bila vitabu vya isimu tulivyonavyo. Angesema nini?

Na lugha pia. Alisema Kilatini si cha kishenzi kabisa wala si Kigiriki kamili, ni mchanganyiko, sehemu kubwa Kieolia, lahaja mojawapo ya Kigiriki. Leo tunajua ni lugha ndugu, hakuna aliyemzaa mwenzake. Undugu aliuona, akakosea nani mzazi.

Kitabu cha saba anaongeza michezo ya sherehe, anamnukuu Fabius Pictor: maandamano, mbio za magari, wakimbiaji waliojifunga nguo kiunoni kama mashujaa wa Homer, namna ya kuchinja sadaka. Anatoa mfano mmoja baada ya mwingine kama wakili mahakamani.

#17 Bi_Mkwaju

Nawapenda nyote lakini hakuna aliyetaja hotuba! Mtu anauliza "aliamini?" wakati nusu ya kitabu ni maneno aliyowatia watu vinywani. Habari za Coriolanus, Mrumi aliyeugeukia mji wake kwa vita, peke yake zinakula sehemu kubwa ya kitabu cha saba na cha nane. Mama yake Volumnia anakwenda kambini kumsihi asiichome Roma, anasema ukurasa baada ya ukurasa. Nani alikuwa pale anaandika?

Na bado, nilipofika anapojitupa chini mbele ya mwanawe nililia. Nina mtoto wa kiume ambaye hatusemezani mwaka wa pili. Nilisoma mara mbili.

#18 Wakili_Msomi

Bi_Mkwaju pole, na Mungu awapatanishe. Sahihisho dogo: kwa Dionysius, na kwa Livius, mama ni Veturia na mke ndiye Volumnia. Plutarch ndiye anayemwita mama Volumnia na mke Vergilia, na Shakespeare alimfuata Plutarch, ndiyo maana jina hilo limezoeleka.

Juu ya hotuba, ile ilikuwa kanuni ya ufundi wao. Yeye ni mwalimu wa ufasaha, ameandika hata kitabu kizima kumkosoa Thucydides, hotuba zake zikiwemo. Kwake hotuba ndipo msomaji anapoona kwa nini Warumi walimaliza magomvi yao kwa kusemezana badala ya kuchinjana.

#19 Mtafiti255

Kwenye takwimu pia ana mkono wa ukarimu. Wanawake wa Kisabini, majirani, waliotekwa na watu wa Romulus wawe wake zao: yeye anasema 683, bila kupepesa. Valerius Antias alisema 527. Wengine walisema 30. Ukitoa hesabu kamili hivyo kwa tukio la miaka 700 nyuma, unanitia shaka kuliko ungesema "wengi".

#20 MchunguliaKale

Asanteni wote, nimejifunza kuliko nilivyotarajia.

Nimerudi kitabuni usiku huu nikakuta sura ya 89 ya kitabu cha kwanza, na nadhani inabadilisha swali langu. Anasema inashangaza kwamba Roma haikugeuka ya kishenzi, pamoja na kupokea Waopici, Wamarsi, Wasamnite, Waetruski na maelfu ya wengine, wenye lugha na desturi tofauti. Anatoa mfano wa Wagiriki wengine waliokwenda kuishi kati ya washenzi na kwa muda mfupi wakapoteza Ugiriki wao wote, lugha, miungu, sheria, kama Waakaya wa pande za Pontus (Bahari Nyeusi), ambao anasema wamekuwa wakali kuliko washenzi wote.

Maana yake damu kwake haitoshi! Unaweza kuzaliwa Mgiriki ukaacha kuwa Mgiriki. Sisi tunasema uungwana ni vitendo. Huenda aliposema Warumi ni Wagiriki alikuwa anasema wanaishi vile Wagiriki walivyopaswa kuishi, na zile nasaba za Arkadia ni njia ya kulisema kwa lugha ya wakati wake.

#21 Nyuki_Mkali

Mkuu, kama ingekuwa vitendo tu, asingehitaji kuwafanya watu wa Troy kuwa Wagiriki. Ametumia sura nzima kwa ukoo wa Dardanus, babu wa watu wa Troy. Mtu asiyejali damu hahesabu mababu. Mimi sijaondoka nilipokuwa, ingawa nakubali ni chawa aliyesoma sana.

#22 MwalimuZamu

Au alikuwa anafanya vyote, kama baba yangu mdogo. Aliandika ukoo ili tupate heshima mbele ya wenye ardhi, na pia alitaka kujua kweli.

#23 MtuWaTrastevere

Jumapili nimepata nafasi, nakwenda Pratica di Mare, ndiyo Lavinium ya zamani, kusini mwa Roma karibu na bahari. Dionysius anaeleza kaburi la heshima la Aeneas karibu na mto Numicus: kichuguu kidogo, kimezungukwa na miti iliyopandwa kwa mistari, kinapendeza kutazama. Mwaka 1968 wachimbaji walikuta hapo kaburi la kilima, la karne ya 7 KK, lililogeuzwa mahali pa ibada karne ya 4. Karibu yake pana madhabahu 13 za mawe zimepangwa safu moja.

#24 Nyuki_Mkali

Karne ya 7! Wagiriki wenyewe waliiweka Troy mapema karne ya 12. Aliyezikwa pale si Aeneas. Ni nani?

#25 PwaniHalisi

Karibu na kwetu kuna kaburi la mnara, limeinama upande wa bahari, vibakuli vya Kichina vilivyopachikwa vimebaki alama za duara tu. Alhamisi wanawake wanaweka ubani. Ukiuliza amelala nani, kila nyumba inakupa jina lake.

#26 MchunguliaKale

Trastevere, ukifika uangalie kama kuna miti.